Nabintu Mbele ya Ubao

Alama kumi na nane juu ya ishirini. Jina lake lilikuwa juu kabisa ya karatasi, Nabintu Cirimwami, na wino mwekundu wa mwalimu wao, asistenti Massoudi, ulikuwa umeizungushia alama ile duara kubwa la kuridhika. Mwanafunzi mwingine angeibusu karatasi hiyo. Nabintu alisoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, na alipofika katikati ya ukurasa akasimama. Programu ile hakuiandika yeye.

Alimjua aliyeiandika. Nabintu alikuwa na tabia ya kuvipa vitu majina kamili ndani ya programu zake. Bei aliiita bei, mwezi aliuita mwezi, na wenzake walimcheka kwa hilo. Karatasi hii ilijaa herufi mojamoja, x huku, k kule, kavu kabisa. Darasani alikuwepo mtu mmoja tu aliyeandika hivyo, naye alikuwa ameketi safu mbili mbele, shingo yake ndefu imenyooka, anajifanya anasoma.

Léonce. Msomaji, ungemwona kijana huyu, na kama wewe ni binti, huenda nawe ungempenda kidogo. Mtoto wa Kiriri, kule mlimani kwenye nyumba zenye bustani, lakini hana maringo. Macho yake hukutazama kana kwamba una habari nzuri ambayo bado hujaisema. Ni macho hayo yaliyompoteza Nabintu mwanzoni mwa mwaka, siku alipopata saba katika jaribio la kwanza la programu na Léonce akaja kuketi kando yake barazani bila kuulizwa, akasema, "Kuya nikuonyeshe, si vigumu vile wanasema."

Maana tuseme ukweli, katika masomo mengine binti huyu hakuhitaji mwalimu wa pembeni. Uhasibu ulikuwa chakula chake. Alikulia nyuma ya meza ya vitenge ya shangazi yake katika soko kuu la Bujumbura, tangu walipokimbia kutoka Bukavu, Kongo, yeye angali msichana mdogo, na mizania ilipokataa kulingana wenzake walimletea yeye. Uchumi wa nchi nzima, ule wanaouita makro, aliupenda kwa sababu ulimpa maneno ya kubishania. Programu ndiyo iliyomtoa jasho. Akikosa alama nzuri katika kazi hii ya mwisho angerudia mwaka, na juu ya kurudia shangazi alikwisha kutoa hukumu yake: "Mwaka moja ni mwaka moja. Ukirudilia, utakuya kuuzisha vitenge pamoja na mi, na byote bitaishia pale."

Kwa hiyo aliandika. Majuma mazima alikaa na kalamu, akafuta, akaanza upya, mpaka programu ikawa yake kuanzia juu hadi chini. Chuo kilikuwa na kompyuta chache na umeme ulikuja kwa hiari yake, basi Léonce akajitolea kuipiga chapa nyumbani kwenye mashine ya baba yake. Nabintu alimkabidhi karatasi zile kama mama anavyomkabidhi jirani mtoto amshikie kidogo. Na jirani akarudisha mtoto mwingine.

Walipotoka kwenda mapumziko alimfuata mpaka mwisho wa ujia, penye dirisha linaloangalia ziwa.

"Léonce. Iyi kazi iko ya nani?"

"Félicitations," akasema Léonce, akimpongeza kwa tabasamu. "Iko yako. Si jina ni yako?"

"Jina ndiyo. Na ibi byote bya chini?"

Tabasamu likapungua, kisha likaondoka. Léonce akaangalia huku na huku, akashusha sauti.

"Nabi, sikiliza. Yako ilikuwa nzuri, vraiment. Nilianza kuipiga. Kisha nikaona pahali inaweza kukwama, nikaogopa."

"Uliogopa nini? Mwenye angepata zero ni mi, apana we."

"Niliogopa juu yako."

"Ungeniambia. Unajua nyumba yetu, unajua njia ya Musaga. Ungekuya ukasema, Nabi, hapa inakwama. Mi ningekaa chini niitengeneze. Juu ya nini hukuniambia?"

Léonce alisugua paji la uso. Alikuwa na aibu, na aibu ilimfanya aonekane mdogo kuliko umri wake. Nabintu alitamani kumgusa mkono, akajikasirikia kwa tamaa hiyo.

"Ni Joëlla," akasema kijana hatimaye. Joëlla alikuwa dada yake mkubwa, yuko mwaka wa tatu chuo hichohicho. "Siku moja ku meza, mbele ya mama, akasema ule Mukongomani wako anabebwa. Anasema bila mi, kabla ya Noëli ungekuwa umekwisha kutoka chuoni. Basi mi nikataka upite bote. Nikataka banyamaze."

"Kwa hiyo, ili baone mi sibebwe, we ukanibeba."

Léonce akachezea kifungo cha shati.

"Na we ulimuambia nini?" akauliza Nabintu.

"Nani?"

"Dada yako. Pale ku meza."

Léonce aligeukia dirishani. Chini kule ziwa lilikuwa jeupe kwa jua la mchana, na milima ya Kongo haikuonekana kwa ukungu.

"Nilinyamaza," akasema.

Hapo ndipo palipomuuma. Programu ni karatasi, karatasi huchanwa. Lakini Nabintu alimwona kwa macho ya moyo, ameketi kwenye meza ile ya Kiriri, mkono umeshika uma, anamsikia dada yake akimtia msichana anayempenda katika vumbi, naye anatafuna. Akayakumbuka maneno ya shangazi, maneno aliyobishana nayo mwaka mzima akimtetea kijana huyu: "Batoto ba kule juu bako na roho nzuri, sikatae. Lakini siku ya aibu itafika, we utamutafuta pembeni yako, umukose."

Kengele ikalia. Léonce akamshika kiwiko.

"Nabi, tafazali. Massoudi atakuita mbele, ku tableau, we ndiye uko wa kwanza. Iendeshe tu, unaielewa. Ukisema haiko yako atakuandikia zero, na mwaka utaenda. Na mi wanaweza kunifukuza."

"Sasa mi ninyamaze pia," akasema Nabintu. "Tukuwe wawili."

Akatoa kiwiko chake mkononi mwa Léonce na kutangulia kuingia darasani.

Asistenti Massoudi alikuwa mtu wa mtaa wa Buyenzi, mfupi, mwenye ndevu zilizotunzwa na ulimi ambao wanafunzi waliuogopa kuliko mtihani. Kwa kuwa umeme ulikuwa mgeni pale chuoni, alianzisha desturi yake mwenyewe: aliwafundisha wanafunzi kuwa mashine. Mmoja husimama ubaoni na chaki, akasoma programu mstari kwa mstari na kufanya kile tu mstari unachoamuru, bila kuongeza akili yake. Wengine humtajia tarakimu kutoka vitini. Mashine haikisii, alipenda kusema, mashine haina huruma na haina mjomba wizarani. Na kila kazi ikisharudishwa, aliyeongoza ndiye hupewa heshima ya kuwa mashine mbele ya wote.

Safari hii kazi ilikuwa ya kuchanganya masomo. Programu ipokee bei ya maharagwe ya soko kuu, mwezi baada ya mwezi, itoe ni kwa kiasi gani bei imepanda au kushuka.

"Mademoiselle Cirimwami," akaita Massoudi. "Njoo utuonyeshe kumi na nane inafananaje."

Darasa likapiga makofi. Nabintu akainuka, akanyoosha kitenge chake, akapita kati ya madawati. Alipompita Léonce hakumtazama, lakini alisikia pumzi yake. Rangi ya ubao ilikuwa imebanduka pembeni. Akachukua chaki, akageuka kuwatazama wenzake, na hapo, nitakwambia bila kuficha, alishawishika. Ingekuwa rahisi. Programu ya Léonce aliielewa vizuri, angeiendesha kwa raha, angerudi kukaa na mwaka wake mfukoni. Shangazi angefurahi. Joëlla angenyamaza. Kila mtu angepata alichotaka isipokuwa yeye.

"Monsieur, hii programu si yangu," akasema.

Kutoka milimani ukasikika mlio mzito wa mzinga wa vita, kisha wa pili, na hakuna aliyegeuza kichwa. Wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Rudia," akasema Massoudi.

"Jina ni langu, kazi si yangu. Niliandika ya kwangu na sikuipeleka kwa mkono wangu mwenyewe. Hilo ni kosa langu. Naomba ufute hiyo alama."

"Na hiyo ya kwako iko wapi?"

"Kichwani."

Massoudi alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Binti, unajua unachokiomba? Nikifuta, una sifuri. Sifuri na ile saba yako ya zamani, nakuona mwakani darasa hilihili."

"Najua. Ndiyo maana naomba na kitu cha pili. Nipe ubao. Niiandike hapa, niiendeshe mbele ya wote. Utakachonipa nitachukua."

Asistenti akavuta kiti, akaketi kwa kukigeuza, mikono juu ya egemeo.

"Ubao ni wako," akasema.

Nabintu akaanza kuandika. Mistari ya kwanza herufi zilipanda na kushuka. Kisha majina yake yakaanza kutokea ubaoni, mwezi, bei, bei ya zamani, na alipoyaona akatulia, maana hayo alikuwa ameyazaa mwenyewe barazani akiwa na usingizi na njaa. Alijaza ubao mpaka chini, akapangusa chaki kwenye kitenge bila kujali, akawageukia wenzake.

"Mashine iko tayari. Bei ya mwezi wa kwanza?"

Chance, msichana wa safu ya mbele mwenye sauti kubwa, akataja bei. Nabintu akaiandika, akafuata mstari uliofuata, na uliofuata, akafika mwisho na kurudi juu kama programu ilivyoamuru.

"Bei ya mwezi wa kwanza?"

"Nimekwisha kusema," akajibu Chance.

Nabintu akafuata mistari, akarudi juu. Programu iliamuru aulize, basi akauliza. "Bei ya mwezi wa kwanza?"

Darasa likaangua kicheko. Mugisho, yule asiyeweza kukaa kimya, akasema Januari ya Nabintu imekataa kuisha. Pahali inaweza kukwama, Léonce alisema, na ni kweli, ilikuwa inakwama, mbele ya macho ya watu wote. Akasoma ubao kutoka juu. Akaona. Hakuwa ameuambia mwezi usogee mbele. Jambo dogo hivyo, na bila kulitia angebaki anauliza Januari mpaka azeeke.

Akaiweka chaki mezani.

"Nasimamisha mashine," akasema. "Sasa anayesema ni Nabintu. Nimesahau mstari mmoja."

"Mashine haisahau," akasema Massoudi. "Alama zinapungua."

"Zipungue."

Akaichukua tena chaki, akauingiza mstari kwa herufi ndogo kati ya miwili, akafuta hesabu zote na kuanza upya. Januari ikaisha. Februari ikaja, bei ikapanda kidogo, mashine ikasema imepanda kidogo. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Wenzake walikuwa wameinamia mbele, wakitaja bei kwa zamu, maana wote walikula maharagwe yaleyale.

"Mwezi wa tatu?" ikauliza mashine.

"Mwezi wa tatu hakuna," akasema Mugisho. "Njia ya juu ilifungwa kwa vita, maharagwe hayakushuka sokoni kabisa. Utaandika nini sasa?"

Lilikuwa swali la uchokozi, lakini Nabintu hakulifikiria hata kidogo. Alishuka na kidole mpaka kwenye mistari aliyohangaika nayo kuliko yote. Pale ambapo hakuna bei, programu yake ilishika bei ya zamani, ikautia mwezi ule alama ya nyota, ikaendelea na safari. Akafanya hivyohivyo kwa chaki.

"Eleza hiyo nyota," akasema Massoudi, safari hii kwa sauti nyingine.

"Kitu kikikosekana sokoni, bei yake haijawa sifuri. Imefichwa tu. Tukiandika sifuri, tutasema maharagwe yalishuka bei mwezi ambao watu walilala njaa."

Massoudi aliinuka, akachukua ile karatasi ya kumi na nane, akaipitisha kidole taratibu, midomo ikicheza. Alipofika mahali fulani akasimama, akarudi nyuma, akapita tena. Kisha akacheka peke yake, kicheko kifupi cha mtu aliyejikuta amevaa shati kinyume.

"Hii," akasema, akiipeperusha karatasi, "ukiipa sifuri inadhani kazi imekwisha. Inafunga duka mwezi wa tatu na kwenda nyumbani. Nami nimeipa kumi na nane kwa kuwa imeandikwa vizuri. Haya, na mimi nipunguzeni alama." Akawaacha wacheke kidogo, kisha uso ukabadilika. "Sasa niambie. Nani aliiandika?"

Nabintu alitazama mbele, juu ya vichwa vya wenzake, ukutani.

"Nimesema si yangu, Monsieur. Hilo ndilo linalonihusu mimi."

"Naweza kukulazimisha."

"Unaweza."

Massoudi akangoja. Darasa likangoja. Nabintu hakugeuza macho kumtafuta mtu yeyote, maana alijua akimtafuta na kumkosa hatapona. Alisimama na chaki yake, shingo juu, na moyoni akasema: kama hakuna atakayesimama, basi, nimekwisha kujua. Nitalia nyumbani.

Kiti kikakwaruza sakafu.

"Ni mimi, Monsieur."

Léonce alikuwa amesimama, mikono imeshika dawati. Alikuwa amekwajuka.

"Nabintu alinipa kazi yake niipige kwa mashine. Nikaandika yangu pahali pake, nikatia jina lake. Hakuniomba na hakujua. Ameiona leo, sawa na ninyi." Akaugeukia ubao. "Nilidhani yake haitatosha. Sikuwa na haki ya kudhani hivyo. Mmeona wenyewe."

"Nimeona," akasema Massoudi. "Ile ya jina lako mwenyewe ilikuwa kumi na sita. Sasa ni sifuri. Tutaonana kikao cha pili cha mitihani, mwezi wa tisa, wakati wenzako wanapumzika. Na ushukuru sipandishi habari hii ofisini. Una la kusema?"

"Apana, Monsieur. Ni haki."

"Mademoiselle, yako ni kumi na tatu. Ungekumbuka mwezi ungepata zaidi. Kaa chini."

Kumi na tatu. Nabintu alirudi mahali pake, na safari hii hakuna aliyepiga makofi, wenzake walimsogezea tu miguu apite, kwa heshima ambayo hakuwahi kuiona kwao. Akaketi. Kumi na tatu hii ilikuwa na mwezi uliokwama, na kicheko cha Mugisho, na vumbi la chaki kwenye kitenge, na kila nukta yake ilikuwa yake. Angeweza kuivaa kichwani akatembea nayo mji mzima.

Masomo yalikwisha mapema kama siku zote, ili watu wawahi nyumbani kabla ya saa ya kujifungia iliyoamriwa na serikali. Léonce alimngoja uani, mbali kidogo na wengine.

"Sikuombi unisamehe leo," akasema. "Niko na kitu kimoja tu cha kusema. Nilipokuangalia pale ku tableau, programu imekwama, bote banacheka, we ukaweka chaki chini ukasema sasa ni Nabintu anaongea. Mi singeweza. Ningetoroka."

"Ulisimama lakini."

"Nilichelewa."

"Ulichelewa," akakubali Nabintu. Akamtazama, na macho yale yalikuwa yaleyale, ila sasa hayakuwa yanangoja habari nzuri. Yalikuwa yanangoja hukumu. "Nilihesabu pumzi yangu, Léonce. Nilifikiri hautasimama."

Kabla kijana hajajibu, honi ikalia langoni. Joëlla alikuwa kwenye usukani wa gari la baba yao, miwani ya jua kichwani.

"Léo, panda, tunachelewa," akaita. Kisha, kwa adabu isiyo na joto, "Nasikia kuna mtu alipata kumi na nane. Félicitations."

Léonce akaliendea gari. Nabintu alidhani atafungua mlango. Hakuufungua. Aliinama dirishani, akasema kwa sauti ambayo kila aliyekuwa uani aliisikia.

"Haiko kumi na nane. Iko kumi na tatu, na zote ni zake. Mwenye zero ni mi."

"Zero? Juu ya huyu?"

"Juu yangu mwenyewe. Niliandika kazi pahali pake, akaikataa mbele ya bote. Na kitu kingine, Joëlla. Siku ile ku meza ulisema anabebwa, mi nikanyamaza. Leo nakujibu. Hajabebwa siku ata moja. Ukirudi kusema vile, utasema mbele yangu na sitanyamaza tena. Na mama nitamuambia mwenyewe."

Joëlla akamtazama Nabintu, kwa mara ya kwanza akimtazama usoni badala ya nguo, na kile alichokiona pale kikamfanya ashushe macho kwanza.

"Ego, basi," akakubali kwa Kirundi, polepole. "Unapanda au hupandi?"

"Sipande. Nitakuja na miguu."

Gari likaondoka. Wakabaki wawili, na vumbi.

"Kuko mutu moja bado hajasikia," akasema Nabintu.

"Nani?"

"Unamujua."

Léonce alimjua. Alinyoosha kola ya shati, jambo ambalo halikumsaidia hata kidogo, wakashuka pamoja kuelekea soko kuu, yeye upande wa barabara na binti upande wa ndani, bila kushikana mikono.

Shangazi Esperance alikuwa anakunja vitenge kwa ajili ya kufunga. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kujadiliana bei hata anaposali. Aliwaona tangu mbali. Mikono haikuacha kukunja.

"Umepita?" akamuuliza Nabintu.

"Nimepita, shangazi. Kumi na tatu."

"Aksanti Yezu." Kitenge kimoja kikakunjwa, kikawekwa. "Na uyu?"

Hili halikuwa la Nabintu kulisema. Akasogea pembeni, Léonce akabaki peke yake mbele ya meza.

"Tante, mi nimepata zero," akasema.

Mikono ya shangazi ikasimama.

"Zero ya nini? Si weye ndiye banasemaka uko na akili?"

Akamweleza. Alieleza vibaya, kwa kuruka na kurudi, akichanganya Kifaransa, lakini hakujipunguzia kitu. Alieleza karatasi, mashine ya baba yake, meza ya Kiriri na kunyamaza kwake. Alieleza ubao. Wauzaji wa meza za jirani waliacha shughuli zao wakasikiliza waziwazi, maana sokoni hakuna siri ya mtu mmoja. Alipomaliza jasho lilikuwa limemlowesha shati.

"Na ulisimama mbele ya bote?" akauliza shangazi.

"Ndiyo, tante."

"Alikuita jina, uyu mutoto wangu? Alikusonta kidole?"

"Apana. Alikataa kunitaja."

"Ukasimama weye mwenyewe."

"Nilichelewa kidogo. Lakini nilisimama."

"Na nyumbani kwenu banajua?"

"Dada yangu anajua. Mama atajua leo, kwa kinywa changu."

Shangazi Esperance alimkagua kuanzia viatu hadi nywele, kama anavyokagua bidhaa iliyotoka Dubai, ambayo watu wanaisifu sana. Kisha akamgeukia Nabintu, na Nabintu hakuinamisha uso. Walitazamana hivyo, shangazi na binti wa kaka yake, wanawake wawili waliovuka mpaka na fuko moja la nguo, na mwenye umri mkubwa ndiye aliyeanza kulainika machoni. Akavuta kigoda kutoka chini ya meza, kile ambacho hakuna mteja aliyewahi kukikalia, akakipangusa kwa kiganja.

"Ikala," akamwambia kijana.

"Aksanti, tante."

"Na wacha iyo tante ya Kifaransa. Tante ni ya batu ba inje, banakuyaka kuuliza bei. We utaniita shangazi."

Léonce alikaa, magoti yakimfikia karibu kidevuni kwa ufupi wa kigoda kile.

"Ndiyo, shangazi," akasema, na Nabintu, ambaye mbele ya ubao hakudondosha hata chozi moja, akalia katikati ya soko kuu, watu wanamtazama, bila kujifunika uso.